Kugonga Chungu Kabla ya Kununua Mkeka

Mkeka, kwa maana yake ya asili, ni kitu kinachofumwa kwa ukindu na kutandikwa chini ili watu wakae au nafaka ianikwe. Lakini katika vibanda vya kubeti vya Kyela, kama kwingineko nchini, ni tiketi inayounganisha mechi kadhaa, ambayo “hutiki” zote zikitoka kama zilivyobashiriwa na “huchanika” moja tu ikikataa. Wapo pia wauzaji wa mikeka iliyokwisha kufumwa, ambao hutoza ada ya mwezi kwa njia ya simu na kumpa mteja ahadi ya uhakika pamoja na picha za tiketi zilizoshinda.

La kustaajabisha ni kwamba biashara hii imepata wateja miongoni mwa wanunuzi wagumu kweli. Katika soko la Jumamosi la Lyulilo, Matema, ambako vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, mnunuzi makini hatoi fedha kabla hajakigonga chungu na kukisikiliza kinavyolia. Na anayenunua mchele haridhiki na punje za juu, bali huzamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko. Mtu huyohuyo, ifikapo jioni, humtumia ada ya shilingi 15,000 muuzaji wa mikeka asiyemjua hata sura, bila kugonga chochote.

Mkeka nao unaweza kugongwa, na ugongaji wa kwanza ni wa hesabu. Ikiwa kila mechi ina nafasi sawa ya kutoka hivi au vile, odi ya haki, yaani kizidisho cha dau, ingekuwa 2.00, lakini kampuni ya kubeti hutoa, kwa mfano, 1.85, na pengo hilo ndilo riziki yake. Mtu anayeweka shilingi 1,000 kwa kila mechi, mojamoja, mechi 30 kwa mwezi, akipata nusu yake atapoteza shilingi 2,250. Ili asile hasara anahitaji kupata 17, na ada ya 15,000 ikiongezwa anahitaji 25, ambazo zitamwachia faida ya shilingi 1,250 kabla ya kodi ya ushindi.

Ugongaji wa pili ni wa kumbukumbu: kila utabiri uandikwe daftarini kabla ya mechi, uliotiki na uliochanika, kwa sababu picha za ushindi ni punje za juu ya gunia. Mwaka 2008 Derren Brown, mwanamazingaombwe wa Uingereza, alionyesha katika televisheni mwanamke aliyepokea utabiri sahihi wa mbio tano za farasi mfululizo, kisha akafichua siri: watu 7,776 waligawanywa katika makundi sita, kila kundi likapewa farasi wake, walioshindwa wakaachwa, na walioshinda wakagawanywa upya, hadi akabaki mmoja aliyeamini kwamba mfumo haukosei. Wale 7,775 ndio punje za chini ya gunia.

Wapo hata wanaouza siri za farasi wa kwenye skrini, ambao hukimbizwa na programu ya kompyuta inayochagua mshindi kwa bahati nasibu; farasi hao hawana mwendo wa jana, hawana kwato wala homa, na kuwatabiri ni sawa na kumuuliza ng’ombe wa Kyela matokeo ya mechi ya ugenini. Muuzaji akiulizwa kwa nini hatajiriki kwa mikeka yake, hujibu kwamba mganga hajigangi, ingawa huenda mganga huyu anaijua dawa yake vizuri mno.

Mwandishi wa insha hii naye amepata kuwa mteja kwa mwezi mmoja, akaambiwa kila mkeka ulipochanika kwamba amechelewa kuweka, au amewahi mno. Tangu hapo amekubaliana na mama wa nyumbani kwake, mwenye chungu chenye ufa kinachohifadhi majivu jikoni: chungu kibovu bado kina kazi, lakini mkeka uliochanika hauanikiwi hata kiganja cha mpunga.