Mchoro una cheti, shimo je?

Salamabila, katika teritwari ya Kabambare nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dhahabu ya Namoya imewavuta wenye mitambo na vijana wenye koleo na karai. Dhahabu ni moja ya metali zinazounganisha chipu na maganda yake, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Wachoraji wa mpangilio wa saketi za chipu hizo hawana shida. Marekani iliwatungia sheria ya kuwalinda mwaka 1984. Mkataba wa Washington wa 1989 kuhusu michoro hiyo haukuanza kutumika kamwe, lakini Shirika la Biashara Duniani likaudaka kupitia makubaliano yake ya haki miliki, TRIPS: mchoro hulindwa kwa miaka isiyopungua 10.

Kongo, mwanachama wa shirika hilo tangu 1997, imehesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, hivyo imepewa muda wa kujiandaa kuyatekeleza makubaliano hayo hadi Julai 1, 2034. Ukarimu ulioje! Mpaka hapo Salamabila haitasumbuliwa kwa wizi wa michoro, kwani hata kiwanda cha kuiigia haina.

Mchimbaji naye ana karatasi yake: kadi ya uchimbaji mdogo, chini ya Kanuni ya Madini ya 2002. Hudumu mwaka mmoja.

Waheshimiwa wa Kinshasa, mpeni basi hata nusu ya miaka ya mchoro.