Jinsi ya Kutazama Katuni na Mtoto wa Darasa la Nane

Mzazi mwenzangu wa Bulengera, hapa Butembo, kwanza chagua siku vizuri. Jumapili jioni inafaa: duka limefungwa, betri ya sola imejaa, na mzigo uliokwama mpakani Kasindi hautavuka usiku huo hata ukimpigia simu kila unayemjua. Zima simu. Kaa karibu na mtoto, si pale mlangoni ambapo ukiitwa kidogo tu unatoka. Filamu iwe Elemental, ya Pixar, ya mwaka 2023. Ukiipata kwa Kifaransa na Kifaransa chako kimechoka, mwambie mtoto akutafsirie. Jioni hiyo yeye ndiye mwalimu, na mzazi anayetaka kumwelewa mtoto hana pa kuanzia pazuri zaidi ya hapo.

Nimekuchagulia hiyo kwa sababu ni filamu ya duka. Peter Sohn, aliyeiongoza, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Korea waliofungua duka la vyakula Bronx, New York. Wahusika wake ni moto na maji, lakini wewe unayeagiza bidhaa Dubai na Guangzhou utawatambua mara moja. Bernie, mzee wa moto, alihama kwao na mkewe, akafungua duka katika mji usiomtaka, akalijenga kwa mikono yake. Sasa anakohoa, amechoka, na anangoja binti yake Ember awe tayari kulirithi. Ember anampenda baba yake na amekulia dukani. Ila mteja msumbufu akizidi, binti analipuka. Mwili umeshakataa kabla mdomo haujasema. Ukiona mtoto wako amenyamaza sana sehemu hiyo, mwache anyamaze. Utamwuliza kesho.

Halafu linganisha. Katuni nyingi za aina hii humpa mzazi ushahidi kwanza, ndipo akubali. Katika Coco ya 2017, ukoo wa washona viatu unaukubali muziki baada ya wimbo wa Miguel kumzindua bibi kizee. Katika How to Train Your Dragon ya 2010, chifu Stoick anamwelewa mwanawe baada ya kumwona akija na majoka kuwaokoa. Katika Moana ya 2016, baba aliyemkataza binti asivuke miamba anaridhika akiwa tayari ameona kisiwa kimepona. Mzazi wa namna hiyo anapongeza tu. Ruhusa ya kweli hutolewa matokeo yakiwa bado hayajaonekana, na Bernie anaitoa hivyo. Mafuriko yameharibu duka, binti amekiri kwamba halitaki, na katika kazi ya vioo anayoipenda bado hajawa mtu. Baba anakubali. Siku ya safari ya kuifuata kazi hiyo, Ember anamwinamia mpaka chini, salamu kubwa ya heshima ya kwao. Bernie naye aliwahi kumwinamia hivyo baba yake siku ya kuondoka, na baba akakataa kuijibu. Yeye anaijibu. Tazama goti la mzee linavyoshuka. Rudisha nyuma mlitazame tena.

Filamu ikiisha, uwe mwangalifu, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunamkumbatia mtoto, tunamwambia achague atakalo, kisha Septemba tunamwandikisha tulikotaka sisi. Kwetu njia huamuliwa mapema. Baada ya darasa la saba na la nane anaingia humanite, na hapo lazima awe na seksio: pedagojia, biashara, sayansi, ufundi. Ni miaka 4, na mwisho wake mtihani wa Serikali. Mtoto wa mfanyabiashara anasukumwa kwenye biashara. Mwenye alama nzuri anasukumwa kwenye sayansi ili awe daktari, hata kama damu ya kuku inamtia kizunguzungu. Akiwa Paluku au Masika, jina tunalompa mvulana au msichana wa kwanza, mzigo unazidi, maana jina lenyewe linamkumbusha kila siku kwamba wadogo wako nyuma yake.

Kwa hiyo kesho yake mwulize: ni kazi gani ukiifanya unasahau njaa? Usicheke jibu. Akitaja kuchomelea vyuma, mpeleke kwa fundi akae naye siku nzima, avute moshi, arudi na macho mekundu, halafu mwulize tena. Akitaja mifugo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanza mwaka 1989 hapahapa Butembo, kinafundisha udaktari wa wanyama. Na akisema anataka kutengeneza katuni kama hizo, mwambie kwamba Mkongomani Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto anazitengeneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hofu yako naijua na siidharau. Barabara ya Beni imekula watu. Waliokimbia vita vya Beni na Lubero wanalala kwa ndugu zao humu mjini. Duka ndilo lililolisha ukoo miaka yote hiyo, na mzazi anayeling'ang'ania anatafuta usalama wa mtoto. Basi mwambie hivyo waziwazi. Fungua daftari, mwonyeshe mauzo, deni, kodi ya chumba na pesa ya masomo ya wadogo zake. Aliyeelezwa kwa nini unaogopa ataweza kuchora mchana na kukusaidia hesabu jioni. Aliyeambiwa hapana tu atachora kwa kujificha, na siku utakayohitaji mtu wa kukuambia ukweli kuhusu duka, hatakuwa yeye.

Siku ya kuandikisha ikifika, usitume mtu wala usiende peke yako. Nenda naye. Mkifika mbele ya prefe wa shule, mwache mtoto ataje seksio kwa mdomo wake mwenyewe, kisha wewe toa pesa na ulipe.