Namna ya Kumpandisha Mtu wa Kabambare Hadi Itombwe

Kwanza, acha ubishi. Wewe uliyeshuka mashimo ya dhahabu Salamabila, uliyesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese mpaka Kasongo, sifa hizo ziache nyumbani. Ukishapita Fizi na kuanza kupanda, safu ya Itombwe inainuka mpaka Mlima Mohi, mita 3,475, na kule kila pumzi ina karibu theluthi mbili tu ya oksijeni anayoivuta mtu wa pwani. Hewa haijachakachuliwa: juu na chini oksijeni ni sehemu 21 katika 100. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma kuingia damuni, na mgandamizo haujali kifua cha mtu kina upana gani.

Kabla ya kufunga mzigo, nenda kapime damu. Hapa sitanii hata kidogo. Mwenye selimundu, ule ugonjwa watu wanaouita SS, asipande bila kuonana na daktari, kwa sababu oksijeni ikipungua chembe zake za damu hupinda na kuziba mishipa. Hata mwenye AS, ambaye Kabambare analima na kucheza mpira bila shida, akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ashuke haraka: wengu umeumia. Naye ambaye malaria au minyoo imemmaliza damu atibiwe kwanza. Mlima utamdai damu, na mtu hutoa alichonacho.

Sasa panda, kisha waachie wenye kazi wafanye kazi yao. Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu ya kichwa unapogawanyika, kuna vinundu viwili vidogo vinavyoonja oksijeni ya damu. Vikiona imepungua vinaamuru: pumua zaidi! Ukipumua sana unapoteza hewa chafu nyingi kupita kiasi, na damu inakosa uwiano wake. Figo ndizo zinazosawazisha, ndiyo maana utakojoa mara nyingi siku za mwanzo. Kojoa kwa amani, unywe maji. Usiku mwenzako atakushtukia kwamba umeacha kuvuta pumzi, kisha unaanza tena kwa nguvu. Asianze kulia msiba, kule juu usingizi mara nyingi huwa hivyo.

Figo hizohizo, ndani ya saa chache, hutuma ujumbe kwenye uboho wa mifupa: tengenezeni chembe nyekundu. Namna seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Lakini chembe hizo huongezeka kwa majuma, nawe umepanga kufika, kuuza na kurudi Ijumaa! Kwa hiyo ukipita mita 3,000, pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kichwa kikiuma na chakula kikikukataa, lala hapohapo ulipo. Ukihema hali umekaa, ukiyumba kama mlevi, au ukianza kusema ovyo, shuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama wanakucheka.

Usijilinganishe na Waamhara wa milima ya Semien, Ethiopia. Wanaishi juu ya mita 3,500 na damu yao haizidi uzito kama ya watu wengi wa Andes. Watibeti nao wengi wana toleo la pekee la jeni liitwalo EPAS1, walilorithi kwa binadamu wa kale, Wadenisova. Hayo ni mambo ya vizazi vingi. Wewe una siku tatu na gunia la chumvi.

Lililobaki ni la kwenu mnaopokea wageni. Mtu wa nyanda za juu anaposhuka Kabambare, oksijeni inamtosha sana, lakini mbu hawajui. Ninyi mmejijengea kinga kidogo ya malaria tangu utotoni, yeye hana. Hata mtoto wenu aliyekaa huko miaka mingi, kinga yake imefifia. Msimwite mdhaifu. Mpeni chandarua usiku wa kwanza, kabla ya bugali na sombe, na homa ikimgusa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.