Namna ya Kuhariri Kitabu Masasi, Mwaka 1876

Kwanza, uwe na miguu. Kilatini na Kigiriki vitasubiri. Anayetaka kuhariri vitabu vya lugha za huku kusini hutoka Unguja kwa bahari hadi Lindi, kisha hupanda bara kwa miguu, zaidi ya kilomita 100, mpaka auone mlima Mkomaindo na majabali mengine ya Masasi. Ndivyo alivyofanya Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, mwaka 1876, akiongoza watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi, upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakakaa. Mwaka huohuo kitabu chake kidogo cha kujifunzia Kimakonde kikachapwa Unguja. Mhariri aliyeanzisha kijiji na kutoa kitabu ndani ya mwaka mmoja anastahili heshima, nami ninampa.

Ukishapata miguu, tafuta herufi a. Hili si jambo dogo. Mashine ya chapa ya misheni ilikuwa Unguja tangu 1864, na wavulana wa shule ya misheni ndio waliofundishwa kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, kama zionekanavyo kwenye kioo. Lakini seti ya herufi inayotoka Uingereza imepimwa kwa mahitaji ya Kiingereza: e tele, a za wastani, k chache. Sasa panga "akakaa, akakataa" uone. Maneno mawili tu, a tisa zimekwenda. Kwa hiyo agiza za ziada mapema, na wale wavulana waheshimu, maana kosa lako la hesabu wao ndio watakaolihangaikia kwa vidole.

Baada ya hapo, kaa chini usikilize. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa nakusihi usifanye haraka. Mhariri wa siku zile hakupokea muswada mezani. Muswada ulikuwa kinywani mwa mtu. Ilimpasa amtafute mwenye lugha, akae naye, amwombe arudie, aandike, amsomee, akosolewe, afute, aandike tena. Steere alikuwa amejifunza ufundi huo Unguja, ambako mwaka 1870 alitoa Swahili Tales. Hadithi kadhaa humo alisimuliwa na Hamisi wa Kayi, na alimtaja kwa jina. Chauncy Maples, aliyefika Masasi mwaka 1877 akiwa kijana wa miaka 25, alijifunza kwa Wamakua kwa namna hiyohiyo, na kitabu chake cha Kimakua kikatoka London mwaka 1879. Kwangu mimi, aliyefundisha ndiye mwandishi wa kwanza wa kitabu cha namna hiyo. Yeye ndiye aliyejua neno gani ni la mazungumzo ya kila siku, lipi halitamkwi mbele ya mkwe, lipi limepitwa na wakati. Mhariri alikuwa mwanafunzi mwenye kalamu.

Kuhusu prufu, jifunze subira. Karatasi zako zinashuka na mpagazi hadi Lindi, zinavuka hadi Unguja, zinapanda meli kwenda London, zinapangwa na fundi ambaye hajawahi kumsikia Mmakua akitamka neno, kisha zinarudi kwa njia ileile ili usahihishe. Weka nakala. Weka na nakala ya nakala.

Na uwe tayari kukimbia. Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga Mkunazini penye soko la zamani la watumwa. Mwezi uliofuata Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, waliivamia Masasi, wakateka watu na kuchoma nyumba. Misheni ikahamia Newala kwa chifu Matola. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ikateketezwa tena. Basi miswada ikae ndani ya kitu kinachobebeka, karibu na mlango.

Huko Newala utapata upepo mzuri na mandhari ya kushangaza ukisimama kwenye ukingo wa uwanda wa juu, lakini maji hutapata kirahisi. Mvua ya juu inazama mchangani, na wanawake wameteremka na kupanda genge lile na vyombo kichwani kwa vizazi na vizazi. Usinawe wino ovyo kwa maji ambayo mwenzako ameyapandisha mlima. Huo nao ni uhariri.

Kisha mtafute mhariri wa pili akusahihishe. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906 na fonografu yake, akarekodi nyimbo, akaandika kitabu. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza, mwaka 1909, mfasiri Alice Werner, mjuzi wa lugha za Kibantu, aliongeza maelezo yake mwenyewe.

Limebaki jambo la jalada. Kitabu cha Kimakonde cha 1876 kinatafutwa maktabani kwa jina la Steere, cha Kimakua kwa jina la Maples. Kitabu cha 1887 kiitwacho Kiungani, kwa jina la shule ya misheni Unguja, kimejaa maisha ya wavulana waliotekwa utumwani, yaliyosimuliwa na wavulana wenyewe, na jina la juu ni la Madan aliyehariri. Sisemi watu hawa walikuwa wezi. Walifanya kazi ngumu kwa uaminifu, na bila wao kurasa hizo zisingekuwepo. Lakini inaniuma, kwa sababu njia nyingine ilikuwepo. Ng'ambo ya Ruvuma, padri Yohanna Abdallah wa Unangu aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao, na ilipochapwa Zomba mwaka 1919 jina lake lilisimama kama mwandishi, na Meredith Sanderson akabaki mahali pake, mhariri na mfasiri.

Kwa hiyo wewe wa Newala, Tandahimba au Masasi, mwenye simu inayorekodi na bibi anayekumbuka, huhitaji jahazi wala herufi za risasi. Nenda kwake wiki hii. Mwombe ruhusa, mrekodi, mwandike kwa Chimakonde chake, mrudie akukosoe. Ukifika kwenye jalada, jina lake liwe juu, lako chini.