Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Theluji Bila Kutoka Bugolobi

Ndugu yangu wa Bugolobi, hapa Kampala, una bahati ambayo watu wa Uswisi hawana. Unaishi karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ikweta haifiki kilomita 40 kusini kwako, na barafu pekee unayokutana nayo imo ndani ya glasi ya soda. Ukitangaza kwamba wewe ni mtelezaji wa theluji, nani atakuambia, "Haya, tuonyeshe"? Mswisi angekudai mlima. Sisi tutakudai hadithi tu. Sogea karibu nikupe siri.

1. Chagua mchezo usio na mashahidi

Skii za kawaida zina aibu yake. Unapandishwa kilimani kwa lifti, kisha unaanguka mbele ya umati, watoto wa miaka 5 wakikupita kama mishale. Wewe sema unafanya skii za porini. Huko hakuna lifti wala njia iliyotengenezwa. Mtu hupanda kwa miguu yake saa kadhaa, halafu huteremka mara moja, peke yake au na wenzake wawili watatu. Mashahidi wachache, utukufu mwingi.

Jifunze jambo moja la kitaalamu na ulirudie kila kikao: ngozi. Mpandaji hubandika chini ya skii zake utepe mrefu wenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Papasa ngozi ya mbuzi kuelekea mkiani, mkono unateleza. Urudishe, unakwama. Ndivyo skii zinavyosonga mbele bila kurudi nyuma. Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili hasa. Siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa angora. Ukifika juu unaubandua, unafunga kisigino kilichokuwa huru, unashuka. Lieleze hili taratibu, ukikodoa macho kama mtu anayekumbuka upepo.

2. Vaa kabla ya kujua

Usiende dukani. Nenda soko la mitumba la Owino, ambako robota la makoti ya baridi likifunguliwa, Ulaya nzima inamwagika chini. Tafuta jaketi lenye mfuko mdogo kwenye mkono wa kushoto. Wa simu? Hapana, ni wa kadi ya lifti. Ndani, kiunoni, kagua kama lina sketi fupi ya mpira wa kuvutika. Hiyo huzuia theluji isiingie mgongoni ukianguka. Ukibahatika utakuta kipande cha tiketi kuukuu bado kinaning'inia kwenye zipu. Usikikate! Hicho ndicho cheti chako.

Onyo moja. Jaketi kama hilo analo pia mwendesha boda wa pale kwenye kona, tena amelivaa kinyume, mgongo mbele, ili upepo wa alfajiri usimchome kifuani. Yeye hulitumia kwa kazi liliyoshonewa: kuzuia baridi. Wewe unalitumia kwa fahari. Msisimame pamoja.

3. Taja vitu vitatu, onyesha kimoja

Watelezaji wa kweli hawaendi mlimani bila vitu vitatu: kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio, ufito mrefu unaokunjwa, na beleshi. Poromoko la theluji likimfunika mwenzako, kifaa kinakuonyesha upande aliko, ufito unachomwa chini mpaka umguse, beleshi linamfukua. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya kama robo saa, kwa maana baada ya hapo matumaini hupungua vibaya.

Robo saa! Jioni, kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, muda huo haukutoshi hata kubadilisha redio. Kwa hiyo kifaa na ufito vitaje tu. Beleshi unalo tayari, liko kwa mtunza bustani. Lisafishe udongo, uliegemeze sebuleni mahali mgeni atakapoliona. Akiuliza, vuta pumzi kwanza. Kisha sema, "Tuyaache hayo."

4. Azima shujaa

Kila mwongo mzuri husimama karibu na mkweli. Wako ni Philip Boit wa Kenya. Alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 na zaidi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Lakini Dæhlie alikuwa bado pale kwenye mstari, amemngoja ili amkumbatie. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Simulia hivyo hivyo, usiongeze chumvi, haihitaji. Wasikilizaji wakinyamaza, nyamaza nao. Watakuhesabia nusu ya machozi yao.

5. Ukibanwa, nenda Rwenzori (nusu yake)

Siku moja mjuaji atasema, "Si Uganda tuna theluji yetu?" Kweli tunayo, Rwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na waliotangulia kuandikwa kwamba wamekifikia ni msafara wa Duke wa Abruzzi kutoka Italia, mwaka 1906. Huna pa kukimbilia. Panda basi la Kasese.

Huko utagundua kwamba kifaa kikuu cha mlima huu wa barafu ni gambuti. Kabla ya barafu kuna siku kadhaa za matope, na kinamasi cha Bigo hakijali buti lako limetoka Alps. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe mwachie mpagazi wa Kikonzo, mwenyeji wa mlima huu, akuinamie. Yeye atabeba mzigo wako mgongoni, gambuti miguuni, huku anapiga soga.

Magoti yakianza kulalamika, simama hapo hapo. Subiri ukungu ushuke, na hauchelewi. Vaa jaketi, piga picha. Ndani ya ukungu mita 3,500 na mita 5,000 ni ndugu mapacha.

6. Staafu kwa heshima

Usikae kwenye uongo muda mrefu, unachosha. Baada ya msimu mmoja shika goti, tembea kwa kuchechemea kutoka kwenye gari hadi mlango wa mkahawa, na useme daktari amekukataza. Skii huvunja magoti kweli, hakuna atakayebisha.

Na muda uko upande wako. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuenea takriban kilomita za mraba 6.5. Leo haifiki hata moja, na inazidi kuyeyuka kwa sababu dunia inapata joto. Wakonzo wanaamini Kitasamba, mungu wao, anakaa huko kwenye theluji. Naye anahamishwa taratibu bila notisi. Itakapokwisha yote, hakuna atakayeweza kukupeleka juu kukuhakiki. Sote tutakuwa na jaketi na hadithi tu, wewe na mimi na waliofika kweli.

Atabaki shahidi mmoja: yule mpagazi mwenye gambuti, anayejua ni jiwe gani ulilokalia ukakataa kuendelea. Mlipe vizuri.