Noti ya Kabati

Mpiga besi wa kwaya alipohamishiwa Dodoma, gitaa lake lilikuja kwetu Tabata, na baba watoto akapewa mpaka Pasaka awe amezijua noti zake.

Kazi yenyewe si ndogo. Nyuzi ni nne: E, A, D na G, kuanzia ule mnene. Gitaa lenye vichuma 20 shingoni lina sehemu 80 za kubonyeza, ilhali noti zote ni 12 tu, zinajirudiarudia. Baba watoto alikulia kwenye do-re-mi za kwaya, ambako do huhama kila wimbo unapobadilisha sauti, kwa hiyo A isiyohama ilimtatiza. Alitueleza hayo mezani, ugali ukipoa. Akatueleza na habari za Leo Fender wa Marekani, aliyeingiza sokoni besi ya umeme yenye vichuma mwaka 1951 ili kidole kitue penye noti bila kupapasa.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Moshi kutibiwa macho, akauliza, "Sasa mbona wewe bado unapapasa?"

Baba watoto akakata vikaratasi, akaviandika herufi na kuvigandisha chini ya uzi mnene: F kichuma cha kwanza, G cha tatu, A cha tano, B cha saba, C cha nane, na kuendelea mpaka E. Kati ya E na F hakuna kitu, vivyo hivyo kati ya B na C. Kwingine kote unaruka kichuma kimoja. Spika hatukuwa nayo, akachomeka kwenye sabufa ya televisheni.

Hapo ndipo kabati la vyombo lilipoanza kazi. Noti nyingine zilipita kimya. Akigusa A, glasi zote zinatetemeka na mfuniko wa bakuli la wageni unalia. Mama mkwe, jicho moja limefungwa bendeji, akawa anatangaza toka kwenye kochi: "Kabati!" Baba watoto akipiga uzi wa pili bila kubonyeza: "Kabati!" Akibonyeza uzi mnene kichuma cha tano: "Kabati!" Alidhani mama anamtania. Kumbe ni noti ileile, mahali pawili.

Mtoto wetu wa mwisho yuko chekechea, na shuleni kwao herufi hupangwa kwa mstari bila kuruka. Aliona baba yake amekosea, akabandua vikaratasi vyote na kuvipanga upya: A kichuma cha kwanza, B cha pili, mpaka G cha saba. Kazi safi, hata gundi haikuchuruzika.

Jioni hiyo akaja mpiga solo wa kwaya kufanya mazoezi. "Tunaanza G," akasema. Baba watoto akafuata karatasi, ikatoka B, na mgeni akavumilia. Akaitiwa D, ikatoka noti iliyo vichuma sita mbali na D, ambako huwezi kuwa umepotea zaidi ya hapo. Mpiga solo akaacha kupiga akamtazama. Baba watoto akaonyesha vikaratasi kama mtu anayeonyesha risiti.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "acha kusoma. Tafuta ya kabati."

Akatafuta. Glasi zikalia.

"Sasa rudi viwili, ndivyo unavyofanya kila siku. Hiyo si ndiyo G yenu?"

Ndiyo ilikuwa.

"Na D?" mpiga solo akamuuliza, sasa akimwelekea bibi.

"Palepale pa kabati, ila ashuke uzi unaofuata."

Wimbo ukaenda. Mtoto alilia chumbani kwa sababu karatasi zake zimetupwa. Mimi nilikuwa nimeshika milango ya kabati kwa mikono miwili, lakini kiitikio kilikuwa na A nyingi mno, na glasi mbili zikaanguka zikavunjika. Niliposema kesho nalipeleka lile kabati chumbani, mama mkwe alinikataza kabisa: lisisogezwe mpaka mwanawe amalize uzi wa tatu.