Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Watunga Mitaala

Waheshimiwa,

Naona ni wajibu wangu, mimi babu wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, kuwashukuru kwa hekima ambayo kwa muda mrefu sikuifahamu; kwani tangu mwaka 2005 mitaala yenu ya sekondari yaamuru watoto wasikaririshwe bali wajadiliane, amri iliyonitia hofu, nikihisi ya kuwa mtoto aliyezoea kuuliza shuleni hatakosa kuniuliza na mimi nyumbani, hata nilipotanabahi ya kuwa majadiliano hayo sharti yawe kwa Kiingereza, ilhali wajadili wenyewe, kama ilivyopitishwa mwaka 1967, wamesomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili. Moyo ukatulia.

Juzi, nikimngoja mwalimu mkuu barazani, niliyaona matunda dirishani. Mwalimu wa biolojia, bwana mwenye bidii, aliwagawa watoto sita sita, akaandika suali ubaoni: kwa nini jani lililofunikwa ndoo juma zima limegeuka manjano? Kimya kilichotanda, wallahi, hata mazikoni sijakisikia. Kila kundi lilimsukumia kalamu yule mmoja aliyebahatika kusoma shule ya kulipia, naye akalinakili suali lenyewe kwa hati nzuri.

Lakini sina budi kuwaarifu dosari. Mwalimu alipotoka kufuata chaki, darasa lilifumka: huyu akidai jani limekosa hewa, yule akimkatalia kwa hoja ya kuwa ndoo ilikuwa na tundu, na mjukuu wangu, ambaye tangu asubuhi hakufunua kinywa, akasimama kutoa ushahidi wa nyasi zilizolala chini ya turubai la bibi yake la kuanikia mpunga, zikatoka nyeupe pe ingawa upepo ulikuwa ukipenya pembeni, basi kilichokosekana ni jua. Elimu yote hiyo, kwa masikitiko, ilipatikana kwa Kiswahili. Viatu vya mwalimu viliposikika, wote walikuwa wameshatubu, isipokuwa mjukuu wangu, aliyekamatwa neno "jua" lingali mdomoni, akavishwa kile kibao cha wasema Kiswahili.

Hukumu siipingi. Ila kibao ni cha mninga, na kamba yake ya katani yamchubua shingo. Naomba kiwe cha kadibodi, maana kwa jinsi anavyozidi kulielewa somo, atakivaa hadi Kidato cha Nne.

Wenu mtiifu,
Babu wa Mwenye Kibao